Si Kila Maumivu ya Taya ni Jino Bovu



Tunapozungukia madarasa ya kisomo, huwa tunauliza swali hili: "Mtu akiumwa shavu mpaka sikioni, afanye nini?" Jibu linatoka haraka: "Akang'oe jino!" Darasa zima linakubali.

Mara nyingi jibu hilo lina ukweli. Jino lililooza huuma, na maumivu yake hupanda mpaka kichwani. Lakini si kila mara. Wapo watu waliong'olewa gego moja, maumivu yakabaki. Wakang'olewa la pili, yakabaki vilevile. Mama mmoja tuliyezungumza naye alikuwa amepoteza magego matatu ya upande mmoja. Yeye mwenyewe alisema hayakuwa na tundu hata moja. Na bado alikuwa anashika shavu kila akitafuna. Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye meno. Ulikuwa kwenye kiungo cha taya.

Jino la mtu mzima likishatoka halioti tena. Kwa hiyo leo tujifunze jambo moja: kabla hujakubali jino litoke, hakikisha kwamba jino ndilo linaloumwa.

KIUNGO CHA TAYA KIKO WAPI?

Weka kidole kimoja mbele ya kila sikio, karibu kabisa na tundu la sikio. Sasa fungua mdomo polepole, halafu ufunge. Unasikia kitu kinatembea chini ya vidole? Hicho ni kichwa cha taya la chini. Mahali hapo ndipo kilipo kiungo cha taya. Tunavyo viwili, kimoja kila upande.

Taya la juu halitembei, kwa sababu limeshikamana na fuvu la kichwa. Linalotembea ni taya la chini. Vichwa vyake viwili vinakaa ndani ya vishimo viwili vidogo kwenye mfupa wa fuvu. Katikati ya kichwa na kishimo kuna kisahani laini lakini kigumu kukatika. Kazi yake ni kama ya kata ambayo mama huweka kichwani kabla ya kujitwisha ndoo. Kata inazuia ndoo isiumize kichwa. Kisahani kinazuia mfupa usisagane na mfupa.

Kiungo hiki hakifanyi kazi kama bawaba ya mlango tu. Bawaba inazunguka mahali pamoja. Kiungo cha taya kinazunguka kwanza, halafu kinateleza kwenda mbele kama mtoto wa meza anapovutwa. Ndiyo maana tunaweza kutafuna, kusema, kuimba na kupiga miayo. Na viungo viwili lazima viende pamoja, kama ng'ombe wawili wa jembe la kukokotwa. Mmoja akichechemea, kazi ya wote inaharibika.

Kinachovuta taya ni misuli. Weka kiganja shavuni, kisha bana meno. Unasikia msuli unavimba? Sasa weka vidole panjani, yaani pembeni mwa jicho kuelekea sikio, ubane tena. Na hapo msuli unavimba. Basi usishangae mtu mwenye ugonjwa wa taya akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, sikio linauma, au shingo imekaza. Misuli na mishipa ya fahamu ya sehemu hizo ni majirani. Nyumba moja ikiungua, moshi unaingia na kwa jirani.

DALILI ZAKE

Mtu mwenye ugonjwa wa kiungo cha taya huweza kuona dalili hizi:

1. Maumivu mbele ya sikio, shavuni au panjani, hasa anapotafuna au kupiga miayo.
2. Taya kuwa zito na gumu, hasa asubuhi anapoamka.
3. Mdomo kutofunguka vizuri, au kufunguka ukienda upande.
4. Taya kukwama kidogo, halafu kuachia.
5. Mlio wa "ko! ko!" au wa kukwaruza, pamoja na maumivu.

Tuangalie mlio kidogo. Watu wengi wana mlio huo na hawaumwi kitu. Mara nyingi ni kile kisahani kimesogea kidogo mbele. Mdomo unapofunguka, kichwa cha taya kinapanda juu yake, na ndipo unasikia "ko!" Ikiwa hakuna maumivu na mdomo unafunguka vizuri, hakuna haja ya matibabu. Acha tu kuchezesha taya ili usikie unavyolia.

Je, ugonjwa huu ni wa watu wachache? Hapana. Wataalamu wa Marekani wanakadiria kwamba watu 5 hadi 12 katika kila 100 wanao kwa kiasi fulani. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na mara nyingi unaonekana kwa watu wa miaka 20 hadi 40. Hauambukizi. Wala mtu hajarogwa.

UNATOKANA NA NINI?

Mara nyingi hauna sababu moja. Mambo kadhaa yanakutana.

La kwanza ni kubana au kusaga meno. Wengine wanasaga usiku wakiwa usingizini, na anayesikia ni yule wanayelala naye chumba kimoja. Wengine wanabana mchana bila kujua, wakiwa wanalima, wanashona au wanawaza deni. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Wakati mwingine wote yapumzike yakiwa yameachana kidogo. Mtu anayebana meno kutwa nzima ni sawa na mtu anayekunja ngumi kutwa nzima. Ule mkono si utauma?

La pili ni mzigo wa mawazo. Mtu mwenye wasiwasi, msiba au usingizi mbaya hukaza misuli. Tunasema "kushika tama" tukiwa na maana ya huzuni. Na kweli, kukaa muda mrefu umeegemeza shavu kwenye kiganja kunasukuma taya upande mmoja na kulichosha.

La tatu ni kulitumikisha taya vibaya: kufungua soda kwa meno, kuvunja mifupa, kutafuna muwa mgumu, au kutafuna chingamu saa nyingi.

La nne ni kuumia: kuanguka kwenye baiskeli au bodaboda, kupigwa ngumi, au kuachama muda mrefu wakati wa kutibiwa jino.

La tano ni magonjwa ya viungo, kama baridi yabisi, ambayo huweza kushika kiungo cha taya kama yanavyoshika goti.

JINO AU KIUNGO?

Hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Angalia tofauti hizi.

Jino lililooza mara nyingi unaweza kulionyesha kwa kidole: "Ni hili." Lina tundu, au limebadilika rangi, au ufizi wake umevimba. Linashtuka ukinywa maji baridi au chai ya moto. Ukiligonga kidogo linauma. Linaweza kukuamsha usiku bila wewe kutafuna kitu.

Kiungo cha taya ni tofauti. Ukiulizwa panapouma, unaweka kiganja kizima shavuni, kwa sababu maumivu yametawanyika. Maji baridi hayakusumbui. Maumivu yanazidi ukifungua mdomo sana au ukitafuna. Ukibonyeza mbele ya sikio au msuli wa shavu, unasema, "Hapo hapo!"

Pia pima mdomo wako. Simamisha vidole vitatu vya katikati vya mkono wako, kimoja juu ya kingine, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kwa mtu mzima mzima wa afya, kwa kawaida vinaingia. Kwa rula, watu wengi wanafungua milimita 40 hadi 50. Ikiwa haifiki 35, kuna kinachozuia. Usilazimishe.

Hata hivyo kipimo hiki cha nyumbani si cha kujitibu. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, jino bovu na kiungo kibovu. Faida yake ni kwamba utafika kwa tabibu ukiwa na maelezo kamili. Badala ya kusema, "Ning'oe hili," utasema: "Panauma hapa, tangu wiki tatu zilizopita, hasa nikitafuna. Je, ni jino au ni kiungo?" Hilo ni swali la haki yako. Uliza pia: "Umeona tatizo gani kwenye jino hili?" Jino bovu tabibu atakuonyesha ubovu wake.

TUANZE NA MATUNZO YA NYUMBANI

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi wanapata nafuu kwa matunzo ambayo hayana gharama kubwa. Yafuate kwa wiki kadhaa bila kukata tamaa:

1. Kula vyakula laini: uji, ndizi za kupikwa, viazi, maharage yaliyoiva sana, samaki, mchicha. Ugali uwe laini, na matonge yawe madogo. Muwa, karanga ngumu, mahindi ya kuchoma na mifupa viache kwa sasa.

2. Pumzisha taya. Jikumbushe mara nyingi kwa siku: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia juu nyuma ya meno ya mbele. Funga uzi mwekundu kwenye mpini wa jembe au kwenye cherehani. Kila ukiuona, jiulize: "Nimebana meno?"

3. Kanda kwa maji ya moto kiasi. Chovya kitambaa, kamua, kijaribu kwanza kwenye mkono wako kisikuunguze, kisha weka shavuni dakika 15 hadi 20. Fanya mara mbili au tatu kwa siku.

4. Ukipiga miayo, shikilia kidevu kwa ngumi kutoka chini ili mdomo usiachame mno.

5. Fanya zoezi hili. Weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu ya mbele. Fungua mdomo polepole bila ulimi kubanduka, kisha funga. Fanya mara 6, na urudie mara kadhaa kwa siku. Maumivu yakizidi, acha.

6. Lala chali au ubavu, usilale kifudifudi umelalia taya.

7. Dawa ya maumivu, kama paracetamol, tumia kwa kipimo ulichopewa. Mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito asinunue dawa nyingine dukani bila kumwuliza mganga.

DAKTARI WA MENO ATAFANYA NINI?

Ikiwa wiki mbili au tatu zimepita bila nafuu, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uulize tabibu wa kinywa na meno. Atakuuliza maswali, atabonyeza misuli, atasikiliza kiungo na kupima jinsi mdomo unavyofunguka. Atakagua meno yote. Akihitaji, utapigwa picha ya eksirei.

Akiona ni kiungo au misuli, atakufundisha mazoezi na kukupa dawa kwa muda. Mtaalamu wa viungo anaweza kukukanda na kukunyoosha misuli. Wengine hutengenezewa bamba la plastiki la kuvaa juu ya meno wakati wa kulala. Bamba hilo linayalinda meno yanayosagika. Kwa maumivu ya kiungo, huwasaidia baadhi ya watu, lakini si wote. Uzuri wake ni kwamba linavuliwa. Lisipofaa, linaachwa.

Fundisho hapa ni hili: tuanze na tiba inayoweza kuachwa. Tiba isiyorudi nyuma, kama kung'oa meno mazima, kuyachonga ili "yakutane vizuri", au kupasua kiungo, isiwe ya kwanza. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu maumivu ya taya ya muda mrefu. Waliweka mbele mazoezi ya taya, kunyoosha misuli, na kumsaidia mgonjwa kutuliza mawazo na kuacha kukaza mwili.

Wenzetu wa Marekani walijifunza hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1980 wagonjwa wengi huko walipasuliwa na kuwekewa visahani bandia kwenye viungo vya taya. Visahani vile vikamomonyoka, na vipande vyake vikasababisha mifupa kuliwa. Mwishoni mwa mwaka 1990 serikali yao ikatoa tahadhari. Wengine walibaki na maumivu makubwa kuliko ya mwanzo. Upasuaji upo hata leo na unafaa kwa wachache, kwa mfano kiungo kilichoganda au kilichovunjika. Lakini ni kazi ya daktari bingwa katika hospitali kubwa, baada ya njia nyingine kushindwa.

TAYA LIKICHOMOKA

Wakati mwingine mtu anapiga miayo au anacheka sana, mara mdomo unabaki wazi. Anashindwa kuufunga, mate yanamtoka, na kusema hawezi. Kichwa cha taya kimechomoka kwenye kishimo chake kikakwama mbele. Hili si jambo geni. Maandishi ya tiba ya Misri ya kale, yenye umri wa miaka kama 3,600, yanaeleza jinsi mganga anavyolirudisha taya kwa vidole gumba.

Basi, jirani akipatwa na jambo hili usimpige kofi, wala usimfunge kitambaa kwa nguvu. Mtulize, mwegemeze kidevu kwa kitambaa laini, mpeleke hospitali mara moja. Mganga aliyefundishwa hulirudisha kwa dakika chache. Likichelewa, misuli inakaza na kazi inakuwa ngumu.

HAYA YASINGOJE HATA SIKU MOJA

Tumesema taya lingoje kwanza kwa matunzo ya nyumbani. Lakini zipo hali ambazo kungoja ni kujitakia kifo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

1. Mdomo unakaza na kushindwa kufunguka, hasa kwa mtu aliyepata jeraha la msumari, jembe au mwiba siku chache au wiki chache zilizopita. Hiyo huenda ni pepopunda. Jeraha linaweza kuwa limekwisha kupona. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri, kisha akashindwa kunyonya kabla ya kutimiza mwezi, naye akimbizwe.

2. Uvimbe wa taya au shingo pamoja na homa, au shida ya kumeza au kupumua. Hayo ni majipu yanayoweza kuziba koo.

3. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kifua kubana, jasho la baridi au kuhema. Huenda ni moyo.

4. Uso kuporomoka upande mmoja ghafla, mkono kulegea au maneno kuvurugika. Hicho si kiungo cha taya, huenda ni kiharusi.

5. Kuumia kwa ajali, na meno hayakutani kama zamani. Taya huenda limevunjika.

6. Shingo na taya kujipinda baada ya kumeza dawa mpya, kama ya kuzuia kutapika. Chukua dawa hiyo uende nayo.

Na uvimbe au kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili, au mzee wa zaidi ya miaka 50 anayeanza kuumwa panja na taya akitafuna huku macho yanafifia, wapelekwe kupimwa bila kuchelewa.

MASWALI TULIYOULIZWA NA WANAKISOMO

Swali: Nina mapengo ya magego. Je, ndiyo sababu ya kuumwa kiungo?
Jibu: Zamani wengi waliamini hivyo. Siku hizi inajulikana kwamba wengi wenye mapengo hawaumwi kiungo, na wengi wenye meno kamili wanaumwa. Meno ya bandia ni mazuri kwa kutafunia. Usiyaweke kwa tumaini la kuponya kiungo tu.

Swali: Mume wangu anasaga meno usiku. Nimwamshe?
Jibu: Huna haja ya kukesha. Akiamka na maumivu, au meno yakianza kuisha, mshauri aende kwa tabibu wa meno. Pombe, sigara na chai kali usiku vinaweza kuzidisha.

Swali: Nisipotibiwa nitakuwa bubu?
Jibu: La. Kwa wengi ugonjwa huu unakuja na kuondoka, na haulemazi. Hofu inazidisha kubana meno, na kubana kunazidisha maumivu.

MAZUNGUMZO YA KIKUNDI

Someni makala hii kwa sauti, kisha mjadiliane:

1. Kila mmoja aguse kiungo chake cha taya. Ni wangapi kinalia? Ni wangapi kinauma?
2. Taja tofauti tatu kati ya maumivu ya jino na maumivu ya kiungo.
3. Katika kijiji chetu, ni kazi au mazoea gani yanayochosha taya?
4. Nani hajamaliza sindano zake za pepopunda? Aulize lini zahanati?
5. Andika katika daftari sentensi mbili utakazomwambia tabibu kabla ya kukubali jino litoke.

Zoezi hilo la tano lisahihisheni pamoja. Asiyeweza kuandika bado, mwenzake amwandikie, naye azisome mpaka azijue.